Madam Aliyeshuka Kwenye Kona

Miaka yote niliyokuwa mwanafunzi wake, Madam hakuwahi kuipita ile kona akiwa juu ya pikipiki. Alikuwa mwalimu wetu wa fizikia katika shule ya kutwa upande wa Kimulot. Kila asubuhi pikipiki ilimchukua langoni kwake, ikateremka naye kidogo tu, ikafika kwenye kona na kusimama. Madam alishuka. Alikusanya sketi kwa mkono mmoja, akakumbatia mkoba kwa mwingine, akaizunguka kona yote kwa miguu, pembeni kabisa, karibu na majani chai. Mwendeshaji alitangulia akamsubiri mbele, Madam akapanda tena, wakaendelea hadi shuleni.

Sisi tuliokuwa tukitembea tulicheka hadi tukashika mbavu. Mtu anatufundisha mwendo wa duara, anaijua kila herufi ya fomula, halafu anaogopa kona ya nyumbani kwake. Wengine walisema si afadhali atembee tu mpaka kona ndipo apande, lakini Madam alijibu kwamba sehemu iliyonyooka haijamkosea kitu. Siku moja msichana mmoja mwenye mdomo alimuuliza darasani mbona anashuka. Tulidhani atafukuzwa. Madam hakukasirika hata kidogo.

"Hiyo kona nimeipigia hesabu," alisema. "Nyinyi bado hamjaipigia, ndiyo maana hamuogopi."

Kona yenyewe ilikuwa na sifa mbaya. Kila msimu wa mvua ilimwangusha mtu, na mara nyingi ni wale wanaobeba maziwa asubuhi kupeleka kituoni. Kuna kijana tuliyesali naye kanisa moja, alivunjika mguu pale, akapelekwa Kaplong hospitalini, na mpaka leo ukimwona akitembea unajua ni yeye kabla hujaona uso. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Ni utelezi, ni mbio za vijana, ni matairi yaliyoisha. Madam peke yake ndiye aliyesema barabara yenyewe imelalia upande usiofaa, kwamba inapaswa kuinamia ndani ya kona na yetu inainamia nje. Na shida ilikuwa hapo, kwa maana chai iliyo upande wa ndani ilikuwa ya nyumba aliyoolewa. Kuirekebisha kona ni kuyaelekeza maji ya mvua kwenye chai ya mama mkwe wake.

Nitafika huko. Lakini nikizungumza juu ya kona peke yake nitakuwa nimemdhulumu Madam, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko kona, na mimi nimetembea na fahari yake kifuani miaka mingi na leo ninataka kuitoa.

Fizikia ilifundishwa kwa Kiingereza, kama kila mahali, lakini kwa Madam hukuruhusiwa kuandika fomula kabla hujajibu maswali mawili kwa Kiswahili au kwa Kipsigis. Kinataka kwenda wapi? Na nani anakizuia? Ukikimbilia fomula, chaki ilichukuliwa mkononi mwako ukarudi kukaa. Alisema hakuna kitu duniani kinachopenda kuzunguka. Kila kitu kinataka kwenda moja kwa moja, na ukikiona kinazunguka jua kuna aliyekishika. Alitutoa nje kumtazama ng'ombe wa shule aliyefungwa kwenye kigingi, jinsi alivyokula nyasi akatengeneza duara, kisha akatuuliza kamba ikikatika ng'ombe ataelekea wapi. Tulibishana. Wengi walisema ataruka kwenda nje, mbali na kigingi. Madam alisema huyo ng'ombe hana habari kama kuna kigingi, ataenda mbele alikokuwa akielekea wakati kamba inakatika. Nilikataa moyoni. Niliona ni maneno ya vitabu tu.

Kuhusu vitu vinavyorushwa, aligombana na kitabu waziwazi. Kitabu kilijaa mizinga ya vita na mawe yanayotupwa kutoka juu ya minara. Madam aliuliza ni nani kati yetu kwao kuna mnara. Siku iliyofuata alikuja na kikapu cha kuchuma chai, akakifunga mgongoni mwake juu ya koti lake zuri, akatembea katikati ya madawati akirusha vipande vya karatasi juu ya bega bila kuangalia nyuma. Vyote viliingia. Akasema mama zetu wanafanya hesabu hii kutwa nzima huku wakizungumza mambo ya watu, na sisi tunashindwa nayo tukiwa tumekaa.

Halafu akatupa kikapu tujaribu. Sisi tuliozoea kuchuma wakati wa likizo hatukuwa na taabu. Lakini kulikuwa na mwenzetu ambaye wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakafungua duka sokoni, kijana mwenye akili sana, na yeye karatasi zake zote zilianguka nyuma ya kikapu. Alijitetea kwamba anatembea kwenda mbele, kwa hiyo kikapu kinaondoka, na karatasi ni lazima irushwe kwa nguvu kabla haijaachwa nyuma. Lakini kikapu kiko mgongoni, nyuma yake, na kwa nguvu zile kilirukwa. Ilikuwa hesabu safi iliyosahau jambo moja. Madam alimwambia polepole kwamba ile karatasi ilipokuwa mkononi mwake ilikuwa ikitembea naye, na akiiachilia haisahau kutembea. Yule kijana akajaribu tena kwa mkono mlegevu, ikaingia. Nilimwona akitabasamu peke yake hadi kipindi kikaisha.

Ubaoni alichora mstari wa kusimama katikati. Upande mmoja ni kwenda, upande wa pili ni kuanguka. Alisema hao ni wake wenza wa zamani, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, na hawaazimani hata chumvi. Kitu pekee wanachogawana ni muda. Basi tafuta muda kwenye nyumba ya kuanguka, uupeleke kwenye nyumba ya kwenda, umalize. Mpaka leo nikiona swali la aina hiyo sioni namba, naona wanawake wawili waliokasirikiana.

Hakujua kusifu. Kwake hakukuwa na "vizuri" wala makofi. Ukitatua swali sawasawa, na ukajibu kila alilokuuliza juu yake, alikupa chaki, akaenda kukaa mahali pako kwenye dawati, akakunja mikono akisubiri kufundishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi. Tulisema fulani amemkalisha Madam, na habari hiyo ilifika nyumbani kabla yako. Wako waliomkalisha mara nyingi. Mimi nilikuwa mwepesi wa majibu, nanyosha mkono kabla swali halijaisha, lakini sikuwahi kumkalisha. Kila nilipodhani nimemaliza, alisimama pale akilitazama jibu langu na kuuliza swali moja zaidi, na hilo moja lilinimaliza. Iliniuma. Sitajifanya haikuniuma.

Alikuwa na vituko vyake pia. Alikuwa mchoyo wa chaki kupita kiasi, aliandika na kipande mpaka kucha zikakwaruza ubao na sisi tukaziba masikio. Lakini Jumamosi, tulipokuja kwa masomo ya ziada, alileta viazi vya kuchemsha sufuria nzima na hakuuliza nani amekula vingapi. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa na wimbo ulimkataa kabisa. Na alikuwa mwoga wa kona lakini hakuogopa mambo ambayo mtu mzima angeyaogopa, kama siku ya maziwa.

Walimu wengine wakifundisha mwendo wa duara wa juu na chini huzungusha ndoo ya maji. Madam alikataa maji. Alisema maji mtu hamwagi kwa uchungu. Alileta mtungi mdogo wa maziwa, umejaa, hauna kifuniko, na alikuwa amevaa nguo ya kanisani kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na wageni shuleni. Huku kwetu kumwaga maziwa si mchezo, hata mtoto anajua. Akauliza, yakiwa juu kabisa yanataka kwenda wapi, na nani anayazuia? Akauzungusha ule mtungi kutoka chini kupita juu ya kichwa chake, mara moja, mara mbili, kwa mwendo uleule, akauteremsha mezani, na hakuna tone lililoanguka. Kisha akampa msichana wa kwanza. Kila mmoja wetu aliuzungusha siku hiyo, na kabla hujashika kishikio ilikubidi useme mwendo mdogo kabisa unaotosha maziwa yasimwagike. Ukikosea kuusema, hushiki. Baadaye maziwa yaliingia kwenye chai ya wageni, na wageni hawakujua yamesafiri kiasi gani.

Tena alikuwa mwalimu wa michezo. Katika nchi hii ya wakimbiaji, ambako kila mtoto anaota mbio, Madam alichagua kurusha kisahani. Watu walimcheka. Yeye mwenyewe hakuweza kurusha kitu, akimtupia jiwe tumbili aliyeingia kwenye mahindi jiwe lilielekea nyumbani. Lakini wasichana wake walizunguka na visahani vyao wakiwa na hesabu kichwani, na tulipokwenda Siongiroi kwa mashindano walirusha mpaka waamuzi wakasogeza viti. Neno lake lilikuwa moja: achilia. Alisema nguvu zote ni za wakati umekishika, unazunguka nacho, unakilea. Kikitoka mkononi huwezi tena kukisaidia, hata ukipiga kelele. Basi kazi yako ni kujua wakati wa kuachilia.

Sasa nirudi kwenye kona, kupitia mtungi wa maziwa.

Asubuhi moja yule mwendeshaji wa pikipiki aliyembeba Madam kila siku alianguka pale akiwa na mzigo wa maziwa wa kupeleka kituoni kabla ya kumchukua Madam. Hakuumia. Pikipiki ililala, na mtungi mmoja ukakatika kamba, ukaruka ukingo wa barabara, ukatua bondeni kwenye nyasi ukiwa na kifuniko chake. Sisi tulikuwa tunapita kwenda shule, na Madam, aliyechoka kumsubiri langoni, alikuwa akizunguka kona kwa miguu kama kawaida yake. Watu wakakusanyika. Mwendeshaji akaapa kwamba alikuwa anakwenda polepole kabisa, kama mtu anayesindikiza mazishi, na kwamba barabara ndiyo iliyomtupa.

Madam hakubishana naye. Alituita. Akatuuliza mtungi ulitoka wapi, tukamwonyesha alama kwenye ukingo. Akatuambia tuangalie ulikotua, na hapo ndipo nilipomkumbuka ng'ombe wa kigingi. Mtungi haukuwa umekwenda nje, mbali na katikati ya kona. Ulikuwa mbele, moja kwa moja kutoka mahali ambapo pikipiki ilishindwa kukata kona. Nilitazama ukingo, nikatazama mtungi. Haikuwa maneno ya vitabu. Tulipima kimo cha ukingo, karibu urefu wa mtu, tukapata muda wa kuanguka, nusu sekunde na kidogo. Tulipima umbali, mita kama sita. Tukagawanya, ikatoka mita kama kumi kwa kila sekunde. Madam alimgeukia mwendeshaji mbele ya watu wote akamwambia kwa upole kwamba hayo mazishi yalikuwa ya watu wenye haraka.

Walicheka mpaka mwendeshaji mwenyewe akacheka. Lakini Madam aliongeza neno ambalo wachache walilisikia. Alisema kwa mwendo huo, kwenye kona iliyotengenezwa vizuri, kijana huyu angepita salama. Mbio zake zilikuwa na kosa, na barabara ilikuwa na kosa kubwa zaidi.

Wiki hiyohiyo alitupeleka kuipima. Tulivuta kamba kutoka sehemu moja ya ukingo wa ndani hadi nyingine, tukapima pengo la katikati, na kutoka hapo tukapata nusu kipenyo cha kona. Kisha akamimina maji ya chupa barabarani, polepole, tuone yanakwenda wapi. Yalikimbia kwenda nje, bondeni. Na nitasema ukweli, sisi watoto wa wakulima wa chai tulifurahi. Kwetu barabara nzuri ni ile isiyomwaga maji kwenye chai ya mtu. Maji yakikimbilia bondeni tunasema fundi alijua kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba upande ule ule yanakokwenda maji ndiko pikipiki inakokwenda. Madam alituacha tufurahi, halafu akauliza yale maswali yake mawili, na furaha ikatutoka mmoja mmoja. Pikipiki inataka kwenda moja kwa moja. Anayepaswa kuivuta ndani ni barabara. Na barabara yetu ilikuwa inaisukuma nje.

Wakati tunapima, mama mkwe wake alitoka kwenye chai, kikapu mgongoni. Sote tulimwita Kogo, bibi, na Madam naye alimwita hivyo kama watoto wake walivyomwita. Kogo ndiye aliyeinua ule upande wa ndani kwa mawe na udongo wa moramu, yeye na marehemu mumewe na majirani, zamani, wakati kwenye njia ile hakukupita pikipiki hata moja. Mvua zilikuwa zikiingia shambani na kubeba udongo mpaka mizizi ya chai ikaonekana. Wakaziba. Walifanya kazi nzuri, hata leo ninaisifu.

Aliuliza kamba ni ya nini. Madam angeweza kumdanganya kidogo, amwambie ni masomo tu, na nyumbani kukawa na amani. Alimwambia ukweli mbele yetu, kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini na macho chini kama inavyompasa mke wa mwana. Kogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Sasa maji ikirudi kwa chai yangu, udongo ni nani atanirudishia?"

Tulimtazama Madam. Tulimzoea akiwa na swali moja zaidi kuliko sisi, na sasa kuna mtu aliyekuwa na moja zaidi kuliko yeye. Kisha akasema hilo swali ni la haki na yeye hana jibu lake. Akatugeukia akatuambia tuliandike, ni kazi ya nyumbani, na hana haraka nalo.

Alilipeleka pia kwenye baraza la chifu. Watu wakatikisa vichwa, Kogo akauliza swali lake lile lile, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kulijibu, mambo yakaishia hapo. Madam akaendelea kushuka kwenye kona kila asubuhi. Wengine walisema anamwogopa mama mkwe wake. Mimi niliona mtu aliyekataa kusema uongo pande zote mbili.

Tulipomaliza kidato cha nne alitusimamisha nje ya darasa, akatutazama, akasema, "Haya. Sasa nimewaachilia." Akarudi ndani kufuta ubao. Tulilia njia nzima, hata yule kijana wa duka.

Mimi nilikwenda kusomea ujenzi wa barabara. Nikiulizwa sababu hutoa majibu ya heshima, lakini sababu ni kona. Nimefanya kazi mbali na nyumbani, nimelala kwenye makambi yenye vumbi, na kila nilipochora kona ya watu wengine niliiona yetu. Kisha kampuni iliyoniajiri ikapewa kazi ya kuweka lami kwenye njia ya kwetu, na mimi nikapewa kipande hicho nikisimamie. Niliomba mwenyewe. Niliomba kwa nguvu.

Nilimkuta Madam langoni kwake. Amestaafu, nywele zimeingia mvi, na mkononi alikuwa na panga la kupogolea chai. Nilimsalimia, akanitazama kwa muda mrefu, akasema alisikia nimekuja na vigingi vya kupimia barabara. Tukateremka hadi kwenye kona. Nikaokota kijiti, nikachora kwenye udongo, nikaanza na wapi inataka kwenda na nani anaizuia. Nilimwonyesha barabara itakavyolalia ndani. Akauliza mwendo gani. Nikamwambia. Hakukaa.

"Na trekta ya majani?" aliuliza. "Inapita hapa polepole, mzigo juu kama nyumba. Ukilaza barabara sana kwa ajili ya pikipiki, trekta italalia ndani."

Hilo nilikuwa nimelikeshea wiki nyingi. Nilimwambia mlalo utabeba sehemu tu ya kazi, na iliyobaki itabebwa na msuguano wa lami na matairi, ili trekta ipite polepole bila kuinama na pikipiki ipite kwa mwendo wake bila kutupwa. Aliitikia kwa kichwa. Bado alikuwa amesimama.

"Na maji?"

Nikafungua mdomo, akaninyamazisha kwa mkono. Akasema swali la maji si lake, twende kwa mwenyewe.

Kogo alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba, blanketi begani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, masikio bado mazima. Nilipiga magoti nikamchorea pale chini. Nikamwambia barabara italalia upande wa chai yake, ndiyo, lakini kabla maji hayajafika kwenye chai yatakutana na mtaro wa mawe, yatafuata mtaro mpaka chini ya kona, yataingia kwenye kalvati, yapite chini ya barabara na kutokea bondeni. Nikamwambia bei yake pia. Mtaro utachukua mistari miwili ya chai, ile ya pembeni.

"Ile ya chini?" aliuliza.

"Ile ya chini, Kogo."

"Hiyo nilipanda na mzee." Mkono wake ulikuwa ukichezea ncha ya blanketi. "Na udongo?"

"Udongo utabaki. Maji haitagusa chai yako tena, hata ile inaingia sasa kidogo kidogo."

Kogo alimgeukia Madam, akamuuliza kama haya mimi ninayosema ni kweli. Madam angeweza kusema ndiyo tu, na ingetosha. Aliweka panga chini.

"Usiniulize mimi, Kogo," alisema. "Leo mwalimu ni huyu."

Na akakaa. Alikaa chini kwenye nyasi, kando ya miguu ya mama mkwe wake, akakunja mikono akinitazama, akisubiri. Nilishika kile kijiti kama chaki. Miaka yote ya shule nilikuwa nimeutaka ule mkao, na nilipoupata karibu nisahau kalvati inaelekea wapi. Nilianza upya, kuanzia mwanzo, nikawafundisha wote wawili. Nilipomaliza, Kogo alisema tuchukue ile mistari miwili, ila mawe ya mtaro yawe makubwa, tusimwekee changarawe. Kisha akaniambia kongoi. Ahsante. Mimi ndiye niliyepaswa kuisema.

Madam ndiye aliyeng'oa shina la kwanza, kwa mikono yake, hakutaka mfanyakazi amtangulie.

Kazi iliendelea, mvua ikaja katikati yake, na maji yakateremka kwenye mtaro kama tulivyoagana. Lami ikawekwa. Lakini kichwa cha Madam kukubali hesabu ni jambo moja, na Madam kukaa juu ya pikipiki kwenye kona ni jambo lingine, na mimi nilijua hivyo.

Asubuhi tulipoifungua barabara nilikuwa nimesimama mwisho wa kona, kofia ya kazi kichwani. Nikaisikia pikipiki ikitoka langoni kwake. Mwendeshaji alikuwa yule yule wa mtungi, sasa mtu mzima mwenye kitambi na watoto wawili shuleni. Akateremka naye kidogo tu, akafika mwanzo wa kona, akasimama pale pale alipozoea kusimama, akaweka mguu chini kumsubiri ashuke.

Madam hakushuka.

"Mbona umesimama?" nilimsikia akiuliza.

"Si ni kona, Mwalimu."

"Naiona. Pita."

Pikipiki ikaingia kwenye kona. Ililala kidogo kuelekea chai, na Madam akalala nayo, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba, hakumshika mwendeshaji wala kitu chochote. Walikuja wakizunguka mpaka waliponifikia. Alimgusa mwendeshaji begani, wakasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyapangusa. Nilisubiri aniulize lile swali moja zaidi.

Hakuniuliza kitu. Alimgeukia mwendeshaji.

"Geuza," alimwambia. "Tuipite tena."